Unabadili injini? Anza na mfumo wa mafuta

Wakuu, gari ya kabureta ukitaka kuitia injini ya Toyota ya EFI (inayopiga mafuta kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta) usikimbilie bei ya injini tupu, chukua nosikati (kipande cha mbele cha gari kilichokatwa kikiwa na injini yake) uje na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), waringi yote, sensa na pampu, maana hapa Mwanza kutafuta waringi peke yake baadae utazunguka Nyakato mpaka miguu iume. Mimi nashauri EFI ya kawaida, 4A-FE au 3S-FE, presha yake kama bar 3 tu na nozeli zinasafishika. Injini ya D4 kama 3S-FSE inapiga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, pampu ya pili inapandisha presha zaidi ya bar 80 na mafuta machafu inayachukia sana, achana nayo.

Paipu za zamani badilisha, tafadhali. Niliacha moja ya kabureta, kuwasha tu ikavimba kama puto pale kwenye klempu petroli ikaanza kutoka jasho juu ya eksozi ya moto. Weka paipu ya EFI, na ya kurudisha mafuta tenki usiisahau.