Mbegu za letasi usizifukie

Kwa wanaopanda letasi huku Kampala kwenye beseni au gunia, mimi nilikuwa nazifukia kama maharage na zinaota tatu nne tu, kumbe zile mbegu nyingi zinataka kuona mwanga ndo ziamke. Lowesha udongo kwanza, nyunyiza mbegu juu, kandamiza kidogo na kiganja zishike udongo basi, halafu funika na kaveera (mfuko wa plastiki) nyeupe inayopitisha mwanga na uweke kivulini penye mwangaza, sio juani kabisa maana ndani ya kaveera kutachemka.

Sababu ni kwamba ndani ya mbegu kuna kitu kinaitwa fitokromu, kinapokea mwanga mwekundu na kuiambia mbegu iko juu, ota. Watafiti wa kilimo wa Beltsville kule Marekani walionyesha hivyo mwaka 1952, tena wakaona ukimulika ule wekundu wa mbali (far-red, ambao macho yetu karibu hayauoni) mwishoni mbegu inarudi kulala! Chini ya majani ya mimea mingine ndo mwanga wa hivyo unajaa, kwa hiyo usiweke beseni chini ya migomba.

Inashindikana joto likizidi, karibu nyuzi 30 mbegu nyingi za letasi zinagoma hata zikipata mwanga, kwa hiyo wa Gulu na Arua kule kaskazini kwenye joto mpande jioni mahali pa baridi. Pia udongo wa juu ukikauka siku moja tu, zilizoanza kuota zinaweza kufa. Nyanya na maharage endelea kufukia kama kawaida.