Kabla hujapandikiza kambare kwenye shimo la marudio

Huku Geita neno mwalo lina maana mbili. Kwa mvuvi ni pale mitumbwi inapofikia na dagaa wanapoanikwa. Kwa mchimbaji mdogo ni pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa na kuchanganywa na zebaki ili ikamate dhahabu. Mialo hii ikikutana kwenye kijito kimoja, kinachomwagwa huku huishia kwenye chungu cha kule.

Mzee mmoja alinipeleka kuona shimo lake. Zamani lilikuwa la kuoshea mchanga wa dhahabu, mvua zikalijaza, na kambare wakaingia wenyewe na mafuriko. Maji yametulia, hayanuki, na kambare wanapanda juu kuvuta hewa, wanene kama mkono wa mtu mzima. Pembeni kuna kichuguu cha marudio, yaani mchanga laini wa kijivu unaobaki baada ya kuosha dhahabu, na kila mvua ikinyesha kinamomonyokea majini. Akaniuliza, "Mtaalamu, si nikiongeza vifaranga tu hapa nimeshapata bwawa?"

Nilimwambia hapana. Sababu yenyewe iko kwenye tope.

Zebaki inayopotea wakati wa kuosha huzama na kukaa chini. Humo kwenye tope lisilo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methilizebaki, na hiyo ndiyo inayomsumbua mlaji, kwa kuwa mwili huipokea kirahisi na huitoa polepole sana. Wadudu wadogo wa majini huibeba kidogo, furu, samaki mdogo anayekula wadudu hao, hubeba zaidi, na anayemla furu hubeba kuliko wote. Kambare analala kwenye tope, anakula samaki wenzake na anaishi miaka mingi. Ukitaka samaki wa kukusanya zebaki ya shimo zima, huyo ndiye. Sato anayelishwa pumba na mashudu na kuvuliwa baada ya miezi sita hadi minane hapati muda wa kukusanya kiasi hicho.

Sasa tupige hesabu, maana wengi husikia "kiwango salama" bila kujua ni cha nini. Kikomo cha zebaki kinachotumika sana kwa samaki ni miligramu 0.5 kwa kilo ya nyama mbichi. Mwaka 2003 wataalamu wa pamoja wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, waliweka kikomo cha ulaji: maikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki (maikrogramu 1,000 ni miligramu moja), na aliyefikiriwa zaidi hapo ni mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito wa kilo 60 basi asizidishe maikrogramu 96 kwa wiki. Akila samaki mwenye miligramu 0.5 kwa kilo, anafika hapo kwa gramu 192, yaani kipande kimoja kizuri cha mchuzi, kwa wiki nzima. Mtoto wa kilo 15 anafika kwa gramu 48, matonge machache tu. Lakini samaki akiwa na miligramu 0.05, mama yule yule anaweza kula karibu kilo mbili. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "samaki wana sumu" kana kwamba wote ni sawa. Sangara wa ziwani Victoria wamepimwa mara nyingi, na wengi walikutwa chini ya kikomo. Zebaki hupanda kadiri sangara anavyokuwa mkubwa. Mjamzito aendelee kula samaki, ila achague dagaa na sato, na sangara wale wakubwa mno awaachie wengine.

Madhara hayaji siku hiyo hiyo. Methilizebaki hupita kwenye kondo la nyuma na kuharibu ubongo wa mtoto unaojengeka. Kwa mtu mzima aliyekula nyingi kwa muda mrefu, vidole na midomo hufa ganzi, macho huona mbele tu bila pembeni, na mwendo huwa wa kuyumba. Japani mwaka 1965 ugonjwa huu uligundulika Niigata, kwa watu waliokula samaki wa mto Agano, wakati kiwanda kilichomwaga zebaki kilikuwa makumi ya kilomita juu ya mto. Kwa hiyo usiniambie mwalo wa dhahabu uko mbali na bwawa lako. Niambie uko upande gani wa maji.

Jikoni kuna kosa moja linarudiwa sana: watu hudhani kukaanga au kuchemsha na kumwaga maji kunaondoa zebaki. Haiondoki. Imeshikamana na nyama yenyewe, wala haiko kwenye mafuta. Ukimkausha samaki, maji hutoka na metali hubaki, hivyo gramu kwa gramu mkavu ana zaidi kuliko mbichi. Kwa metali nyingine zenye sumu, kadimiamu na risasi, kusafisha kunasaidia kiasi, kwa kuwa kadimiamu hukaa zaidi kwenye ini na figo, na risasi kwenye mifupa. Toa matumbo na matamvua, usimpe mtoto supu ya ini la samaki wa mtoni penye uchafu. Dagaa huliwa mzima, na yeye tatizo lake kubwa ni mchanga: ukimwanika chini unamla pamoja na udongo wa mwaloni, na chochote kilichomo. Mwanike kwenye chanja. (Na wajawazito wanaotafuna pemba, hilo nalo ni la kuacha, udongo huo umewahi kupimwa huku kwetu ukakutwa na risasi na aseniki.)

Ukitafuta mahali pa kuchimba bwawa, panda juu ya kijito kwanza, kwa miguu, uone nani anaosha nini. Chimba mfereji wa kuchepusha maji ya mvua yasiingie bwawani. Bomba lililopulizia mrututu au dawa nyingine ya kopa (shaba) usilioshee karibu, kwani kopa huua samaki kwa kuharibu matamvua hata ikiwa kidogo.

Ukiwa na shaka, pima. Mwanza kuna maabara ya uvuvi Nyegezi. Pitia kwa afisa uvuvi wako akuelekeze. Chagua samaki wakubwa kuliko wote bwawani, waweke kwenye mfuko safi wa plastiki na barafu, siyo kwenye gazeti. Majibu yakija, uliza kama ni kwa uzito mbichi au mkavu, maana namba ya uzito mkavu inaweza kuwa mara nne ya ile nyingine kwa samaki yule yule.

Mzee alichimba bwawa jipya juu ya migomba, kwenye chemchemi, na sato wake wanaendelea vizuri. Shimo la zamani aliliacha wazi, na nilipopita juzi nilikuta watoto wa jirani wametega ndoano. Shimo la namna hiyo lifukiwe, au angalau lizungushiwe miiba kabla ya mvua.