Kumrudisha mzee kwenye matembezi baada ya kuanguka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mama yangu mdogo, mwenye miaka 71, aliteleza kwenye sakafu yenye maji ya bafu la uani, nyumbani kwake Ujiji. Hakuvunjika, lakini goti la kulia liliendelea kumuuma, na kwa miezi miwili alishinda barazani kwa hofu ya kuanguka tena. Misuli ya mapaja isiyotumika hupungua upesi uzeeni, hivyo mzee anayeacha kutembea ili asianguke huzidi kuwa karibu na kuanguka. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Kigoma, na huu ndio utaratibu niliofuata naye baada ya daktari kuthibitisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika.

Hatua ya 1: Presha

Mpime akiwa amelala kwa dakika 5, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, mpelekee daktari vipimo hivyo aziangalie upya dawa zake, na msizipunguze wenyewe.

Hatua ya 2: Viatu

Kandambili ziachwe kabisa. Raba za mtumba zenye soli isiyolika zinatosha.

Hatua ya 3: Kuinuka kitini

Hili ndilo zoezi ambalo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Tafuta kiti cha mbao kisicholegea, chenye kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki hurudi nyuma, na kigoda cha jikoni ni kifupi mno kwa mwanzo. Mzee arudishe nyayo nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, ainuke, kisha akae taratibu huku akihesabu hadi tatu. Mama mdogo alianza na mara 5, akajisaidia kwa mikono. Ukitaka kujua nguvu zake, hesabu anainuka mara ngapi kwa sekunde 30 akiwa amekunja mikono kifuani: kwa mwanamke wa miaka 70 hadi 74, chini ya mara 10 ni dalili kwamba yuko katika hatari ya kuanguka.

Hatua ya 4: Mkongojo

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Nilimkatia mkongojo wa mpera kwa kukadiria kwa macho, naye akaushika mkono wa kulia, upande wa goti linalouma, kama wengi wafanyavyo. Baada ya kuzunguka ua mara mbili aliniambia, "Mwanangu, goti lile lile, na sasa bega nalo linawaka." Nilimkanda bega, nikabadilisha viatu, nikamwambia apunguze mwendo, na hakuna kilichosaidia. Kesho yake nilimwomba mtaalamu wa fiziotherapia anielekeze, akaonyesha makosa mawili kwa mtazamo mmoja.

Kosa la kwanza lilikuwa urefu. Mzee asimame wima akiwa amevaa viatu atakavyotembea navyo, mikono ikining'inia, nawe upime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Mimi nilimkadiria akiwa peku na bado nikazidisha, ndiyo maana bega lilipandishwa kila hatua. Ukikata, kata kidogo kidogo, kwa kuwa mti uliokatwa haurudi. Akiushika ipasavyo, kiwiko hukunjika kidogo.

Kosa la pili lilikuwa mkono. Mkongojo hushikwa upande wa mguu mzima, na husonga mbele pamoja na mguu unaouma, ili mwili unapouelemea mguu huo, sehemu ya uzito ipokewe na mkono wa upande wa pili. Mama mdogo hakuamini hadi alipojaribu mwenyewe, na ilimchukua siku tatu kuzoea mkono wa kushoto. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza. Wakati wa kushuka, mkongojo na mguu unaouma hutangulia.

Chini uwekwe kipira cha dukani. Kipande cha tairi kilichopigiliwa sikipendi, kwa sababu mpira ukilika kichwa cha msumari huchomoza na kuteleza kwenye saruji. Kikague kila wiki.

Hatua ya 5: Kusimama imara

Akishika ukingo wa meza, aweke mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, kwa sekunde 10, kisha abadilishe. Siku tatu kwa wiki au zaidi.

Hatua ya 6: Matembezi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, lakini mama mdogo alianza na dakika 5 asubuhi, kabla jua halijakaza. Mwendo unafaa ikiwa anaweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Akipata maumivu ya kifua, asimame na apelekwe hospitali. Msianze na miinuko ya kutoka ziwani kwenda Mwanga. Njia tambarare za Ujiji zatosha. Mvua za masika zinapoleta utelezi, atembee ndani, kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, kwa dakika zile zile. Chakula nacho kisibaki uji na chai: dagaa wanaoliwa na mifupa yao humpa protini na madini ya kalsiamu, na maharage ni nyongeza nzuri.

Katika wiki ya tisa alifika kwa dada yake, mtaa wa pili, mkongojo ukiwa mkono wa kushoto. Sasa tunajifunza kurudi bila kupumzika njiani.