Mabua ya mahindi yasichomwe, yatandazwe migombani
Baada ya kuvuna mahindi, baadhi yetu huku Masindi, Uganda, huyakusanya mabua na kuyatia moto, ingawa moto huo hurudisha hewani kaboni ambayo mmea uliivuta msimu mzima, tena pamoja na methani kidogo, gesi inayoongeza joto duniani. Ni afadhali kuyakatakata na kuyatandaza kwenye migomba au mibuni, ambako yataoza polepole, sehemu ya kaboni yake ikabaki udongoni na unyevu ukadumu wakati wa kiangazi. Acha nafasi ya futi mbili kuzunguka shina la mgomba, kwani matandazo yanayoligusa huwapa fukusi maficho, na mdudu huyo akishatoboa tunguu, yaani shina la mgomba lililo ardhini, ni vigumu kumtoa. Samadi mbichi nayo ichanganywe na nyasi kavu na kugeuzwa mara kwa mara, maana ikikosa hewa hutoa methani.