Taiga babi wakorofi? Ongeza idadi yao

Jamani wenye akwariamu, kama una wale taiga babi, wale samaki wadogo wenye milia minne myeusi, na kila siku unakuta mwenzao kanyofolewa mapezi, usikimbilie kuwapunguza, ukibakiza watatu tu ndo umeharibu kabisa, maana hawa ni samaki wa kundi, wakiwa wachache ukorofi wote unahamia kwa wengine. Weka angalau 8, kumi ndo poa zaidi, na tangi lisipungue lita 100 hivi na liwe refu wapate pa kukimbizana. Utaona wanagombana wenyewe kwa wenyewe, dume mwenye pua nyekundu anamfukuza mwenzie mpaka kwenye majani halafu wanageuka wanaendelea na mambo yao, hamna anayeumia.

Ila kuwachanganya na samaki kama beta, gapi na enjelifishi usithubutu, yale mapezi marefu ya kupepea kwao ni chambo. Mi nilijaribu na enjelifishi mmoja, siku ya pili yale mapezi yake ya chini yaliyo kama nyuzi yamebaki vipisi. Tafuta wenzao wepesi wa mapezi mafupi, babi wengine kama cheri au rozi, au koridora, samaki wadogo wanaokaa huko chini ya tangi.