Jinsi ya kuchagua boti moja ya kuvulia mkondoni na kutembezea familia

Mwezi uliopita shemeji yangu wa Pangani alinipigia simu. Fedha imetimia, anataka boti. Siku za kazi avue jodari na nguru kwenye Mkondo wa Pemba, sikukuu ampeleke dada yangu na watoto kisiwa cha Maziwe. Tulizunguka Tanga na Pangani siku tisa, tukatazama boti sita, tukakataa tano. Naandika tulivyofanya, maana wengi hununua boti kwa kuitazama ilivyotulia mchangani.

Jambo moja kwanza: boti ya kazi mbili huchaguliwa kwa saa ya kurudi. Alfajiri bahari ni shwari na kila chombo ni kizuri. Saa nane mchana upepo wa kusi umeshika, unarudi magharibi, mawimbi yanakupiga ubavuni, umechoka na mtoto analia. Boti ipimwe kwa saa hiyo.

Hatua ya 1: Tazama pwani itakapolala

Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Boti itapwelewa, upende usipende. Chagua yenye mkuku (uti wa chini ya boti) mnene, na mashine inayoinuka juu kabisa bila kugusa mchanga.

Hatua ya 2: Tumbo na urefu

Futi 22 hadi 25. Chini ya hapo mkondoni ni mateso. Juu ya hapo utahitaji vijana wa kukusaidia kila unapotaka kuishusha.

Mashua ya mbao naiheshimu, nimekulia humo. Lakini kwa mtu mwenye kazi nyingine na watoto, faiba. Kalafati, ile kazi ya kuziba nyufa za mbao, haimsubiri mtu aliye ofisini.

Tumbo lenye pembe kali hukata wimbi vizuri likiwa mwendoni, ila ukisimama kuvua kwa mshipi linakwenda mrama mpaka watoto watapike. Tumbo bapa limetulia ukisimama, lakini likikimbia dhidi ya mawimbi linagonga kama nyundo. Kwa kazi zote mbili tafuta la katikati: kama nyuzi 18 kwa nyuma. Weka simu yenye pimamaji chini ya tumbo, kwa nyuma, upande mmoja wa mkuku, boti ikiwa imekaa sawa, utasoma mwenyewe.

Usukani uwe katikati ili upite pande zote ukipigana na samaki. Mbele pawe na kibanda kidogo kilichofunikwa, mtoto alale humo na mama anyonyeshe kwa faragha. Paa ni lazima. Maziwe ni mchanga mtupu, hakina mti hata mmoja, na maji ya bamvua yakijaa hukifunika. Kivuli chenu cha siku nzima ni hicho cha boti.

Hatua ya 3: Mashine

Mbili ndogo, si moja kubwa. Sibishani juu ya hili. Moja ikizima katikati ya mkondo, nyingine inakurudisha, hata kama ni polepole.

Fostroki (mashine ya mipigo minne) hainywi sana, haina moshi mwingi, na watoto hawaumwi kichwa. Hata hivyo nilimwambia shemeji achukue tustroki (za mipigo miwili) za nguvu farasi 40, kwa sababu Pangani kila fundi anaifungua akiwa amefumba macho, na vipuri vinapatikana siku hiyohiyo. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, chukua fostroki.

Mafuta: ukikimbiza mpaka mwisho, hesabu karibu lita 4 kwa saa kwa kila nguvu farasi 10, na tustroki ya zamani huzidi hapo. Gawa tangi mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la kutoguswa.

Hatua ya 4: Ubao wa mashine

Hapa soma taratibu.

Boti nyingi za faiba zilizotumika zina mbao ndani ya ukuta wa nyuma, pale mashine inapofungwa. Faiba ni ngozi tu. Ubao ndio unaobeba. Kila tundu la skrubu lisilozibwa vizuri ni mlango wa maji, na maji yakiingia hayatoki. Ubao unaoza kimya kimya huku nje rangi inang'aa.

Mwaka 2019 nilinunua boti ya futi 23 yenye rangi mpya. Nikawapeleka mke wangu na watoto Maziwe, tukala, tukarudi salama. Wiki iliyofuata nilikwenda mkondoni na mwenzangu. Tukirudi, mashine ikaanza kutikisika. Nilipoinama niliona bolti zimezama ndani ya ubao kama kidole kwenye mkate uliolowa. Tuliifunga mashine kwa kamba za nanga mpaka kwenye vishikio vya pande zote, tukaja mwendo wa mtu anayetembea. Njia ya saa mbili tuliimaliza kwa saa saba, usiku umeingia. Muda wote niliwaza wiki iliyopita, nani alikuwa amekaa pale.

Kwa hiyo, pima hivi:

Shika bisibisi, tumia mpini wake. Gonga kwanza ubavuni mahali unapojua ni pazima, sikio lizoee. Kisha gonga ubao wa mashine kutoka juu hadi chini, shubiri kwa shubiri. Ubao mkavu unajibu kwa mlio mkali, uliooza unajibu kwa mlio mzito uliokufa. Usigonge karibu na upepo mwingi au redio, na usitegemee mlio peke yake: boti nyingine zina sponji humo badala ya mbao, nazo hulia vingine.

Inua mashine nusu, kisha mtu mzima akandamize mguu wake wa chini kwa uzito wote. Wewe tazama pembe ambapo ubao unakutana na sakafu. Ukiona unapumua, au nyufa nyembamba kama unywele zinafunguka na kufunga, ondoka. Rangi mpya mahali hapo peke yake ni sababu ya kuuliza maswali.

Tazama washa za bolti. Zikiwa zimezama, umeshajibiwa.

Mwisho, omba ruhusa ufungue skrubu moja ya chini kabisa. Likitoka tone la maji ya rangi ya chai yenye harufu ya uozo, usinunue hata kwa nusu ya bei. Mwenye boti akikataa usifungue skrubu moja, kwangu hilo ni jibu tosha. Boti mbili tuliziacha kwa sababu hiyo.

Kama umeshanunua, ubao hubadilishwa: fundi anakata ngozi ya ndani, anatoa uozo wote, anaweka marini bodi (ubao wa tabaka wa baharini) mpya kwa rezini. Chemsha kipande cha hiyo bodi kwenye sufuria saa nzima kabla ya kulipa. Ikiachana tabaka, si ya baharini, hata iwe na mhuri gani.

Hatua ya 5: Ijaribu na mama watoto

Nenda mchana, kusi ikivuma. Beba watu wa kutosha, wajaze nyuma, uone kama maji yanaingia kwa matundu ya sakafu badala ya kutoka. Zima mashine, ikae ubavu kwa wimbi dakika kumi. Ubavu wa boti ufike juu ya goti la mtu mzima, la sivyo mtoto mdogo hana kinga.

Dada yangu aliuliza swali ambalo sisi wanaume tulikuwa hatujalifikiria: nitajisaidia wapi? Saa tano baharini bila pazia ni adhabu kwa mwanamke. Choo cha ndoo chenye mfuniko ndani ya kibanda kinatosha, pamoja na ngazi ya nyuma ya kupandia. Swali hilo ndilo lililotufanya tuchague ile boti ya sita.

Hatua ya 6: Karatasi na majaketi

Usajili na ukaguzi wa boti ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Bara, ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar) kwa Zanzibar. Leseni ya uvuvi ni jambo lingine, anzia halmashauri. Maziwe ni eneo tengefu: kuna ada ya kuingia, na hakuna kuvua.

Jaketi okozi za watoto zinunuliwe kwa mwili wa kila mtoto. Mvalishe, mfunge vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi umwinue. Kidevu kikipenya, ni kubwa kwake, tafuta nyingine.