Kabla hujainua mkono kwenye mnada wa magari ya kale

Kwenye minada mikubwa ya Marekani, kama wa Barrett-Jackson kule Scottsdale, Arizona, au wa Mecum kule Kissimmee, Florida, ambayo yote hufanyika Januari, gari likishapanda jukwaani una dakika mbili tatu tu. Dalali anataja bei mbiombio, taa kali, watu wanapiga makofi. Akili haifanyi kazi vizuri hapo. Amua kila kitu mapema, na kiwango chako cha juu cha bei kiandike kwenye karatasi ukiweke mfukoni.

Kiwango hicho kihesabu pamoja na ada ya mnunuzi, ile ambayo mnada hukutoza juu ya bei, maana bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho dalali anapogonga nyundo, siyo utakayolipa. Mwaka 2020, Ford Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ilipigwa nyundo Kissimmee kwa dola milioni 3.4, aliyeinunua alilipa milioni 3.74, yaani asilimia 10 juu. Sisi wa kawaida tunaumia kwa hesabu hiyo hiyo. Una dola 40,000 tu? Nyundo ikigonga kwenye 36,000, ada ni 3,600, na hapo gari bado halijapanda lori.

Namba ya chesisi ndiyo kazi ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Namba zenye herufi na tarakimu 17 zilianza na magari ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake, kwa hiyo jifunze mtindo wa gari unalolitaka. Chevrolet Chevelle SS, toleo lenye nguvu zaidi, ya 1966 hadi 1968, namba yake huanza na 138. Ukiona 136, hiyo ni Malibu, Chevelle ya kawaida, iliyobandikwa nembo za SS. Mustang ya 1965 yenye injini ile kali ya nguvu farasi 271 ina herufi K kwenye nafasi ya tano. Pontiac GTO ya 1964 ni ngumu zaidi, namba pekee haisemi kama ni GTO, hivyo dai karatasi za PHS (Pontiac Historic Services) zenye kumbukumbu za kiwandani. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna ripoti ya Marti, nayo hutoka kwenye kumbukumbu za kiwanda. Gari la kuigiza, yaani la kawaida lililovikwa sura ya toleo la ghali, si dhambi, mradi muuzaji aseme wazi na ulilipie bei ya kuigiza.

Nenda siku moja kabla, ukiwa na tochi, kitu cha kulalia chini ya gari, na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi. Omba ruhusa kwanza. Mara ya kwanza kuitumia nilikuwa nimeshapenda gari moja jekundu, rangi yake iking'aa kama kioo. Nikapitisha sumaku ubavuni, ikashika vizuri mpaka karibu na tairi la nyuma. Pale ikaachia, ikateleza mkononi mwangu kana kwamba nimeiweka juu ya mbao. Upana wa kiganja kizima ulikuwa puti, ule udongo wa kuzibia bodi ambao sumaku haiushiki, na nyuma ya puti ni kutu. Nililiacha, na roho iliniuma.

Asubuhi ya mnada wahi kabla magari hayajawashwa. Kwa kawaida huruhusiwi kuliendesha, na linauzwa jinsi lilivyo, kwa hiyo nafasi yako ni kusikiliza injini ikiamka ya baridi na kutazama moshi wake.

Kwa magari yaliyobadilishwa, yale ya bodi ya zamani na matumbo mapya, thamani iko kwa fundi. Inama chini ya dashibodi utazame nyaya. Zikiwa zimefungwa kwa mpangilio, fundi alijiheshimu. Ukikuta zimesokotwa na kuzungushiwa utepe wa plastiki wenye gundi, rudi nyuma. Omba risiti na picha za kazi.

Wewe unayeuza, kusanya hizo risiti na picha kabla ya kusajili gari, na ujue kwamba pesa ulizozika kwenye ufundi mara nyingi hazirudi zote. Barrett-Jackson huuza magari mengi bila bei ya chini, likipanda limeuzwa. Kama kuna bei ambayo huwezi kuivumilia, tafuta mnada utakaokuwekea bei ya chini ya siri, isipofikiwa gari haliuzwi. Hati iwe kwa jina lako. Betri iwe imejaa, kwa sababu gari linalosukumwa kupanda jukwaani hupoteza wanunuzi hapo hapo.

Anayeota kulipeleka Kenya akumbuke kanuni ya kawaida: gari lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Uliza mamlaka za nyumbani kabla ya mnada.

Na bima. Ipange wiki hiyo hiyo, kwa sababu kwa kawaida nyundo ikishagonga gari ni lako, na likikwaruzwa kwenye maegesho usiku ule, hasara ni yako.